Msumeno Mwekundu wa Oketch

Unga wa mbao ulionekana kwanza ndani ya chai. Wesonga alikuwa amekunywa nusu kikombe alipousikia ukisagika kwenye meno. Akatema kiganjani, akautazama. Ulikuwa mweupe, mbichi, wa mti uliokatwa asubuhi hiyo hiyo, na ulinukia saiprasi. Alimwaga chai mlangoni akarudi kazini, kwa maana mtu aliyechoka hata kushangaa anaahirisha.

Lakini lilikuwa jambo la kushangaza, kwani kwa Wesonga hakukatwi mbao. Yeye alikuwa fundi wa pawa, ile misumeno ya petroli ya kuangushia miti, tena si pawa za siku hizi. Zake zilikuwa zile nzito za zamani, chuma kitupu, zilizoachwa na wazungu mashambani, ambazo moja ikikuangukia mguuni unasahau hata jina la mama yako. Mwaka huo wa 1996 hakuna duka lililouza spea zake tena. Ukitaka kabureta ulizunguka kwa wauza vyuma kuukuu wa Kawangware mpaka soli ziishe. Ukikosa, unachinja: unafungua pawa moja iliyokufa, unaigawa vipande, nyingine tatu zinafufuka. Wesonga alikuwa amechinja kwa miaka ishirini na tatu katika chumba kimoja cha mabati huko Mashimoni, Kibera, mbele karakana, nyuma ya pazia kitanda. Mgongo ulikuwa umemwisha. Alichobaki akitaka duniani ni kimoja tu: Desemba ifike, afunge mlango, yeye na mkewe Nekoye warudi Bungoma wakazeekee kwao, wawili, wakiwa bado wanaweza kutembea.

Sasa niwaambie ukweli kuhusu Wesonga, maana fundi wa namna yake hakuna asiyemjua. Mikono ilikuwa ya dhahabu, lakini ulimi ulikuwa na ugonjwa. Ugonjwa wenyewe uliitwa kesho. Ukimuuliza pawa yako, ni kesho. Ukija hiyo kesho, ni kesho. Hakuwa na nia mbaya, masikini. Alichoka tu kuona nyuso za watu zikikunjamana, na neno hilo liliwaondoa mlangoni bila ugomvi. Hata Nekoye alikuwa amelizoea. Wateja wakimkosa mzee, yeye ndiye aliyewajibu.

Siku ile ya chai, saa kumi za jioni, mtu alisimama mlangoni nyuma yake.

"Fundi, iko tayari?"

Wesonga alikuwa anasugua plagi, hakuinua kichwa. "Njoo kesho," alisema.

Alipogeuka hakuona mtu. Palibaki harufu tu, ya petroli iliyochanganywa na oili, na ya utomvu wa mti. Akajiambia ni mteja mwenye haraka zake.

Kesho yake, saa kumi ile ile, sauti ilirudi, na safari hii haikutokea mlangoni. Ilitokea kwenye meza ya kazi, ng'ambo tu ya mikono yake. "Fundi, iko tayari?" Ulimi ukatangulia akili, ukasema kesho. Hapo akasikia kamba ya kuwashia ikivutwa, krrr, kisha kimya, kisha krrr tena, na moto haushiki. Alitazama ukutani. Pawa zote saba zilikuwa zimening'inia, hakuna hata moja iliyotikisika.

Siku ya tatu alijitayarisha. Ilipokaribia saa kumi aliuma kitambaa cha girisi kwa meno, akaketi kimya jasho likimtoka, akiapa kwamba leo hata aitwe na malaika hataitika. Naye hakuitika. Ila hakuwa amemwambia mkewe, kwa kuogopa kumtia hofu, na Nekoye, aliyekuwa nyuma ya pazia akikunja nguo, alifanya alichokuwa amefanya miaka yote ya ndoa yao.

"Mzee ametoka kidogo," Wesonga alimsikia akisema. "Njoo kesho."

Aliinuka akafunua pazia. "Mama Valentine," alimnong'oneza mkewe, "umemjibu nani?"

"Si mteja wako? Amesimama hapa kando ya..." Nekoye akageuka kutazama. Kati ya kitanda na ukuta hapakuwa na nafasi ya mtu kusimama, hata mtoto.

Kabla ya chakula cha jioni Nekoye alianza kukohoa. Asubuhi alikohoa ndani ya leso, akaifungua, wakaangalia wote wawili. Ulikuwa unga wa mbao.

Kliniki walisema ni vumbi la kazi ya mumewe, wakampa dawa ya maji. Haikusaidia. Kila siku saa kumi kamba ilivutwa chini ya kitanda, krrr, krrr, na kila ilipovutwa pumzi ya Nekoye ilikatika, ikarudi kidogo tu, ikakatika tena. Mwili ulimpukutika. Gauni la kanisani likawa linamwelea. Wesonga alikaa kando yake akimshika mkono, na aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa kitu, kwa kuwa Bungoma bila Nekoye haikuwa kwao tena, ilikuwa shamba tu.

Wakamwita Jeconia, mwombaji wa kanisa la Roho kutoka Soweto East, humo humo Kibera, mzee wa kanzu nyeupe na ngoma ndogo. Aliomba siku mbili. Siku ya tatu saa kumi ilimkuta humo ndani, akalisikia swali kwa masikio yake mwenyewe. Aliweka ngoma chini polepole.

"Ndugu, majini nimefukuza mengi," alisema kwa sauti ya chini. "Huyu hafukuziki, kwa sababu hakuvamia. Alibisha hodi akiuliza kitu chake, nanyi mkampa miadi, mara tatu, na kila miadi ikamsogeza ndani. Una kitu cha nani?"

Wesonga alisema hajui. Alikuwa anadanganya. Alijua tangu aliposikia ile harufu ya mkata miti, na ukweli ulikuwa umemkaa kooni kama mwiba wa samaki. Usiku huo alimwambia Nekoye yote.

Mwaka uliopita, mwezi wa Novemba, mkata miti mmoja wa Kawangware aitwaye Oketch alikuwa amemletea pawa nyekundu ya miaka ya sitini, nzima kabisa, ila klachi imekufa, mnyororo hauzunguki. Wesonga aliipata klachi kwa taabu kabla ya Krismasi. Siku hiyo hiyo akaja Ndeti, mwenye karakana ya mbao, mtu wa kelele, akitaka klachi ya aina hiyo hiyo, Wesonga akampa ili anyamaze. Oketch hakuwa mtu wa kelele. Alikuja kila baada ya siku mbili tatu, anapita kwa miguu akitoka kutafuta kibarua, saa kumi za jioni, anauliza kwa upole, anaambiwa kesho, anashukuru anaenda. Februari akaacha kuja. Sheria ya mafundi ni kwamba kitu kikilala miezi mitatu bila mwenyewe, ni spea. Mwezi wa Mei Wesonga aliichinja ile pawa. Silinda na pistoni zikaenda huku, kabureta kule. Ganda jekundu alilisukuma chini ya kitanda.

Nekoye alimsikiliza mpaka mwisho. "Enda umtafute," alisema. Hakuwa na pumzi ya kuongeza neno.

Asubuhi Wesonga alikwenda Kawangware, kituo cha 46, kwa Muli, muuza vyuma aliyekuwa amempatia ile klachi, akamuuliza habari za Oketch.

"Yule wa pawa nyekundu? Si tulimchangia jeneza mwezi wa pili," Muli alisema. "Alipata kazi ya saiprasi huko Limuru. Yake ilikuwa kwa fundi, akaazima kitu kibovu. Kikazima katikati ya mti. Wenzake wakamwambia atoke hapo, yeye akabaki anavuta kamba, anavuta, anasema itashika. Mti ukaja."

"Ilikuwa saa ngapi?" Wesonga aliuliza, ingawa hakutaka kujibiwa.

"Saa kumi hivi. Huo ndio ulikuwa wa mwisho waende nyumbani."

Basi kwa siku saba Wesonga alizunguka na mgongo wake mbovu akikusanya alichokuwa amekitawanya. Kabureta ilikuwa kwa Muthoni, mama wa makaa pale Kawangware. Silinda na pistoni zilikuwa kwa mpasua kuni wa Soweto. Klachi ilikuwa kwa Ndeti, ambaye alimpigia kelele nusu siku kabla ya kukubali. Kila mahali aliacha spea yake iliyo bora akachukua iliyochakaa, na watu walisema fundi wa Mashimoni ameanza kupoteza njia. Kila alipoingia nyumbani alisimama kwanza mlangoni kusikiliza kama mkewe bado anapumua.

Siku ya saba Nekoye hakuweza kuketi. Wesonga alikaza nati ya mwisho, akatia petroli, akaiweka pawa nyekundu katikati ya sakafu, akarudi nyuma hadi mgongo wake ukagusa kitanda. Harufu ilitangulia. Kisha hata kelele za watoto na wauza maji huko nje zikafifia kama zimefunikwa blanketi, na mwanga wa jioni uliokuwa ukipenya kwenye matundu ya misumari ukazimika tundu moja baada ya jingine, kutoka mlangoni kuja kitandani, kana kwamba mtu mrefu anapita taratibu kwa ndani akiyaziba kwa bega lake, na unga wa mbao ukaanza kudondoka kutoka hewani, laini, juu ya nywele za Wesonga na juu ya kope za mkewe, na Nekoye akafumbua mdomo kutafuta pumzi asiipate, na sauti ikauliza, karibu sana, kwa upole ule ule wa mtu asiyetaka kusumbua.

"Fundi, iko tayari?"

Ulimi wa Wesonga ulijikunja kusema neno lake. Aliuuma hadi akaonja damu.

"Iko tayari," alisema. "Ilikuwa iwe tayari kabla ya Krismasi. Kosa ni langu, si la huyu mama. Chukua, Oketch."

Kamba ilitoka ndani ya pawa peke yake, ikanyooka urefu wa mkono wa mtu mzima. Ilivutwa mara moja. Moto ukashika. Mabati yote yalitetemeka, moshi ukajaa, mnyororo ukazunguka ukiimba, na iliunguruma kwa muda wa kumalizia gogo moja, kisha mlio ukalegea kama msumeno unapotoka upande wa pili wa mti. Ikazima. Mbali, upande wa Limuru, kitu kizito kilianguka. Nekoye akavuta pumzi ndefu, nzima, akaanza kulia.

Asubuhi Wesonga aliibeba ile pawa begani hadi Kawangware kwa Aketch, mjane wa Oketch, aliyekuwa akiuza omena, wale dagaa wa ziwani, mbele ya chumba chake. Alimweleza kila kitu akiwa amesimama, bila kujitetea. Mama yule hakuacha kuchambua omena.

"Alikuwa akirudi hapa ananiambia, fundi ni mtu mzuri, kesho ananipa," alisema mwishowe. "Nikimwambia huyo anakudanganya, ananikasirikia mimi. Alikuamini, baba." Alifuta mikono, akaipokea pawa, akaiweka ndani nyuma ya mlango. "Nenda nyumbani. Nimechoka hata kukasirika."

Wesonga aliondoka, na njia nzima aliona aibu kuinua uso.

Nekoye alipona. Gauni likarudi kumkaa, na wakaanza kufunga vyombo vidogo vidogo kwenye magunia, wakingoja Desemba. Hapo ndipo, jioni moja ya Oktoba, kijana aitwaye Morris aliposimama mlangoni kuuliza pawa yake. Pistoni yake haikuwa imepatikana hata Kawangware. Wesonga alikuwa amechoka, mgongo unawaka moto, na hakutaka kuuona uso wa kijana ukikunjamana.

"Njoo ke..."

Kitu kilisagika kwenye meno. Alitema kiganjani. Ulikuwa mweupe, mbichi, wa saiprasi. Nyuma ya pazia Nekoye alikohoa.

"Sijapata spea," Wesonga alisema haraka. "Sijui nitaipata lini. Chukua pawa yako, kijana wangu. Ichukue sasa hivi."

Kisha akasimama pale, kiganja wazi, akisikiliza kama mkewe atakohoa mara ya pili.