Mkono Ulioshika Jeki

Maiti ilikuwa chali chini ya boriti ya chuma, kinyago cha kuchomelea kimepandishwa kipajini, mkono wa kulia umeng'ang'ania mpini wa jeki.

Paa la ghala lilikuwa likiimarishwa. Mafundi wawili, mzee na mkwewe, walichomelea vyuma vipya kwenye boriti zilizoliwa na kutu, huku jeki ndefu zikibeba uzito mpaka kazi ikamilike. Aliyekufa ni mkwe. Msimamizi alikata shauri haraka: marehemu kalegeza jeki mwenyewe, kajiponza.

Inspekta hakuafiki. Alipanda ngazi. Kwenye boriti zilizobaki aliona mshono wa kuchomelea juu ya mshono: wa chini umekwenda upogo na kukosa kiungo, wa juu umenyooka kama uzi. Mtu alikuwa akirudia kazi ya mwenzake. Boriti iliyoanguka ilikuwa na ule wa upogo peke yake. Aliyejua ubovu ule asingethubutu kulegeza jeki. Kama aliyekuwa akirudia ni marehemu, basi alikuwa akiikaza.

Mzee aliketi ofisini na binti yake, mjane wa asubuhi hiyo. Inspekta aliwapa pole, kisha akaweka mezani vipande viwili vya chuma, akamwomba mzee achague kilichochomelewa vibaya.

Mzee hakuvitazama. Alivipapasa kwa kidole gumba.

"Macho yalianza kufifia lini, mzee?"

Binti akageuka kumtazama baba yake.

"Mwaka jana, afande."

"Marehemu alijua?"

"Nilidhani hajui. Leo nimemkuta juu, anarudia mishono yangu. Kumbe siku zote. Mimi niliyemfundisha kazi, ananisitiri kama mtoto aliyejikojolea."

"Ukafanya nini?"

"Nikamwambia ashuke. Nikalegeza jeki, aone kazi yangu inasimama yenyewe. Akaniambia, 'Baba, hiyo bado.' Akanisukuma kando, akaishika yeye. Sikutaka afe. Nilitaka kubaki fundi, basi."

Inspekta alimweleza kwamba anakamatwa kwa kuua bila kukusudia. Pingu hakumfunga.

Mlangoni mzee alijikwaa kizingitini, akasimama akipapasa ukuta. Binti alibaki kitini kwa muda, macho makavu. Kisha aliinuka, akamshika kiwiko.

"Inua mguu," alimwambia. Hakumwita baba.