Kinyesi Chenye Mayai ya Heringi

Injini ilikohoa, ikatema moshi, ikafa. Mawimbi hayakungoja. Yaliibeba boti ndani ya ukungu kama kifuu cha nazi, yakaibamiza mwambani, na Lavina akajikuta majini akimburuta shemeji yake Cyril kwa kola ya koti. Walipofika kwenye mawe, mguu wa Cyril ulikuwa umevunjika chini ya goti.

"Nilikwambia ubadilishe plagi," Lavina alisema, akiufunga kwa kipande cha kasia.

"Na mimi nilimwambia kaka yangu asioe mwanamke mwenye maneno. Nani alisikia?"

Redio ilikuwa imezama na vyakula vyao. Maji ya kunywa hayakuwa shida. Mvua ilinyesha usiku kucha. Kilichowatafuna ni baridi. Walijifunika turubai la boti lililosukumwa maweni na mawimbi, wakakumbatiana kama watoto. Kulipokucha, midomo ya Cyril ilikuwa ya buluu na utani ulikuwa umemwisha.

"Tuko kisiwa gani?" aliuliza.

"Sijui. Ila mbele ni bahari kuu tupu. Huku hapiti mtu."

Nyuma yao msitu ulisimama kama ukuta. Lavina alitembea kandokando yake akitafuta mwanya, ndipo alipokanyaga kinyesi kibichi cha mbwamwitu. Aliinama, akakichokoa kwa kijiti. Hakikuwa na manyoya ya paa. Kilijaa mayai ya heringi, wale samaki wadogo wa maji baridi, madogo kama punje za ulezi.

Alirudi mbio. "Shemeji! Heringi wametaga karibu, mbwamwitu wanakula huko. Na heringi wakitaga, kijiji chetu kizima huwa majini kuvua!"

"Kama hawajatula sisi kwanza."

Njia ya wanyama hao ilipenya chini ya vichaka, kimo cha kiuno. Lavina alimlaza Cyril juu ya turubai, akamvuta huku akitambaa. Miiba ilimchana uso. Kila mzizi ulimtoa Cyril ukelele.

Katikati ya msitu alikuwa amesimama mbwamwitu jike, mwekundu kama kutu, tumbo limeshuka kwa mimba. Lavina alipiga magoti papo hapo.

"Tunapita tu, mama," alisema polepole. "Tuna mgonjwa."

Yule jike aliwatazama, akanusa hewa, akaingia vichakani bila kuvunja hata kijiti.

Upande wa pili maji yalikuwa shwari, meupe kama maziwa kwa manii ya heringi. Mbwamwitu watatu walilamba mayai kwenye mwani ulioachwa na maji kupwa. Mwingine alikuwa akiogelea kutoka ng'ambo ya mlangobahari, kichwa tu juu. Waliwaona watu, wakasogea kando kidogo, wakaendelea kula. Lavina naye alichuma mwani uliogandwa na mayai, akamlisha Cyril, akala. Yalipasuka menoni, yenye chumvi, na joto likaanza kumrudia mwilini.

Ndipo injini ikasikika. Boti ya mumewe, Morris, ilizunguka rasi. Alipowaona wanyama alinyakua bunduki.

"Weka chini!" Lavina alipaza sauti. "Wenyeji wetu hao!"

Morris aliiacha, akaruka majini hadi kifuani, akamkumbatia mkewe. Lavina, ambaye hakuwa amelia usiku kucha, sasa alilia hadi akatetemeka.

"Nimezunguka visiwa vyote," Morris alisema. "Vyote, Lavina."

"Mkimaliza," Cyril aliita kutoka kwenye turubai, "mna chai humo?"