Mbao Zilizokataa Kunyooka

Okochi ni mkulima wa Lunyo. Analima muhogo na mtama. Kila asubuhi hukata majani ya ng'ombe, kisha huketi na mkewe Kevina wanywe chai kabla ya kushika majembe. Lakini asubuhi hiyo Okochi alikunywa chai amesimama. Macho yake yalikuwa nyuma ya nyumba, kwenye rundo la mbao.

"Keti, Baba Juliet," Kevina alisema. "Mbao hazina miguu, hazitakimbia."

"Hazina miguu lakini zinatembea," Okochi alijibu. "Ule ubao wa juu, jana ulikuwa umelala. Leo umeinua kichwa kama nyoka. Kesho utaniuma."

Kevina alitaka kucheka. Akautazama uso wa mumewe, akamwongezea chai.

Mambo yalianza hivi. Mama yake Kevina, Mama Nabwire, aliteleza kisimani akavunjika paja. Alilazwa hospitalini Tororo kwa muda mrefu. Sasa mfupa ulikuwa umeshika, lakini hakuweza kusimama bila kushikwa, wala kujichotea maji. Kevina ndiye binti yake wa pekee. Ilibidi mama aje Lunyo auguzwe.

Hapo ndipo penye kazi. Kwa desturi yao, mama mkwe halali chini ya paa moja na mkwe wake. Ni heshima. Okochi hakuwahi hata kula mbele ya Mama Nabwire. Akikutana naye njiani humpisha, hutazama chini. Sasa angelala naye vipi katika nyumba moja, huku wakisikilizana kikohozi? Ilibidi mama ajengewe chumba chake uani. Mvua zilikuwa karibu, na matofali yangechelewa. Wakaamua kujenga kwa mbao na mabati.

Fundi Wabwire alitengeneza sakafu, akafunga mbao za chini kuizunguka. Kisha akaitwa kwenye kazi kubwa Tororo. Kila akipigiwa simu alisema, "Nakuja kesho." Kesho yake haikufika. Mwishowe Okochi aliitupa simu kitandani.

"Nitajenga mwenyewe!" alisema. "Banda la ng'ombe nilijenga mimi. Chumba kimoja kitanishinda?"

Kilimshinda siku ya kwanza.

Shemeji yake Chrispinus, kaka yake Kevina, alikuja kumsaidia. Walilaza nguzo chini, wakapigilia ubao wa juu kwenye nguzo mbili za pembeni. Miisho ya ubao ilishika. Lakini katikati ubao ulikuwa umepinda kama upinde. Haukugusa nguzo za kati hata kidogo. Ungeweza kupitisha kiganja.

"Usukume!" Okochi aliamuru, nyundo mkononi.

"Nasukuma!"

"Sukuma kwa nguvu!"

"Shemeji, nguvu niliyoamka nayo ndiyo hii hii."

Chrispinus aliegemea ubao kwa mwili wote. Okochi akagonga msumari haraka haraka. Ubao ukasogea, ukagusa nguzo. Wote wawili wakapumua. Chrispinus akalegeza mwili.

Msumari ulilia, ukachomoka. Ubao ukaruka na kumpiga Chrispinus kwenye kidevu. Akaanguka chali kwenye vumbi.

Kevina alitoka jikoni mbio. Alimwona kaka yake ameshika kidevu, damu inapita katikati ya vidole.

"Baba Juliet!" alipiga kelele. "Mimi nangoja mgonjwa mmoja. Huyu wa pili ni wa nini?"

"Unaniuliza mimi?" Okochi alifoka. "Uliza ubao!"

Alichukua msumari mrefu zaidi, akaupiga kwa hasira zote. Safari hii msumari haukuchomoka. Ubao wenyewe ulipasuka, kuanzia mwisho mpaka karibu na katikati.

Wakati huo simu ya Kevina ililia. Ilikuwa hospitali. Mama Nabwire angeruhusiwa Ijumaa. Siku hiyo ilikuwa Jumatatu.

Okochi aliketi juu ya rundo la mbao. Kevina alimfunga kaka yake kidevu kwa kitambaa safi. Kisha akavaa kandambili zake.

"Unakwenda wapi?" Okochi aliuliza.

"Kwa Akumu."

"Usiende kwa Akumu!"

Lakini Kevina alikuwa amekwisha kupita ng'ombe, yuko barabarani.

Akumu ni jirani yao. Alizaliwa Kirewa, akajifunza useremala upande wa Kenya, akaolewa hapa Lunyo. Yeye ndiye hujenga vibanda vya mbao vya wafanyabiashara kule mpakani Busia. Okochi hakuwa na ugomvi naye. Shida ni kwamba siku mbao zilipoletwa, Akumu alizigusa akasema, "Jirani, hizi bado ni mbichi." Na Okochi akajibu, "Zitakauka zikiwa ukutani." Sasa aliona aibu kumtazama.

Akumu alikuja na gunia la vifaa begani. Alizunguka rundo mara moja. Akatikisa kichwa.

"Jirani Okochi, hizi ni mbao au ni muhogo?"

"Ni mbao."

"Mbona umezianika kama muhogo?"

Okochi aligeuka akalitazama rundo. Ni kweli, alikuwa amezimwaga juani, ovyo, nyingine juu ya majani mabichi.

"Sikiliza," Akumu alisema. "Mkaratusi ukipasuliwa mbichi una maji mengi. Ukiuweka juani, upande wa juu unakauka, upande wa chini bado una maji. Upande uliokauka unajivuta. Basi ubao unapinda. Ubao haukukataa, ndugu yangu. Umevutwa."

"Nimeelewa," Okochi alisema. "Sasa nizitupe?"

"Nani amesema kutupa? Nipe ubao mmoja."

Aliinua mwisho mmoja wa ubao mpaka jichoni, akafumba jicho la pili, akatazama urefu wote. "Fanya hivi kwa kila ubao. Jicho litakuonyesha mgongo, yaani upande ulioinuka, uko wapi. Ulionyooka weka kulia. Uliopinda kidogo weka katikati. Uliosokoteka kama kamba weka kushoto."

Okochi alianza kutazama. Alikuwa na haraka, na kila ubao ulimwongezea hasira. "Huu umepinda. Huu umepinda. Huu nao, hata sijui niuite nini!"

"Uite mfupi," Akumu alisema, akachukua msumeno. "Uliopinda sana usibishane nao. Ukate vipande vifupi. Kipande kifupi hakina nafasi ya kupinda. Tutavipigilia kati ya nguzo, vizishike."

Mbao zilizonyooka Akumu aliziweka kando kwa ajili ya pembe za nyumba na mlango. "Mlango hauna huruma," alisema. "Nguzo yake ikipinda kidogo tu, mlango haufungi."

Kisha wakaurudia ukuta uliowashinda. Waliung'oa ule ubao uliopasuka, wakaweka mwingine uliopinda kidogo. Miisho ikashika, katikati pakabaki nafasi kama mwanzo. Chrispinus, kidevu kimefungwa, alisogea kusukuma.

"Toka hapo!" Akumu alimkemea. "Ubao uliokazwa ni kama mtego. Usikae mahali utakaporukia."

Akatoa ndani ya gunia jiliwa ya mkono, kile chuma chenye taya mbili zinazokazwa kwa skrubu. Alipigilia kipande kidogo cha mbao ubavuni mwa nguzo ya kati, kiwe mahali pa kushikia. Taya moja akaiweka nyuma ya kipande kile. Taya ya pili akaiweka juu ya ubao uliopinda. Akakaza skrubu polepole.

Ubao ulisogea kidogo. Akakaza tena. Ukasogea tena. Nafasi ya kiganja ikawa ya kidole. Ya kidole ikafungika.

Okochi alikodoa macho. "Bila kusukuma?"

"Skrubu haichoki kama mtu. Sasa piga msumari."

Okochi alipiga mmoja, akanyoosha mkono kufungua jiliwa.

"Acha!" Akumu alisema kwa ukali. "Mbona una haraka hivyo? Msumari mmoja ndio uliompiga shemeji yako. Piga wa pili, uuelekeze upande mwingine, ndipo ufungue. Na ufungue polepole, vile vile ulivyokaza."

Okochi aligonga wa pili. Alifungua skrubu akiwa amefumba jicho moja, akingoja kipigo. Ubao ulitulia.

Kisha ikaja shida nyingine. Ilikuwa nguzo iliyosokoteka. Chini ilikaa vizuri, lakini juu ilitazama kwingine, kama mtu anayeitwa asitake kugeuka. Okochi aliishika kwa mikono miwili, akajaribu kuisokota. Mishipa ya shingo ilimtoka. Nguzo haikujali.

"Mikono yako ni mifupi," Akumu alisema. Akatoa uma wa chuma wenye meno mawili na mpini mrefu. Alitengenezewa na mchomeleaji mmoja wa Busia. "Meno yanaingia huku na huku ya ubao. Sasa vuta mpini. Urefu wake ndio nguvu yako."

Okochi alivuta mpini kwa mkono mmoja. Nguzo ikageuka, ikakaa sawa. Akumu akapigilia misumari wakati Okochi ameshikilia.

"Na kama mtu hana vyuma hivi?" Kevina aliuliza. Alikuwa amesimama pembeni na birika la chai.

"Asiye na jiliwa ana kamba," Akumu alijibu. Aliwaonyesha nguzo mbili, moja imenyooka, moja imetokeza tumbo kwa nje. Alizifunga pamoja kwa kamba ngumu iliyozungushwa mara mbili. Akapenyeza fimbo katikati ya kamba, akaizungusha. Kamba ikajisokota, ikawa fupi. Nguzo yenye tumbo ikavutwa kuelekea mwenzake. Akanyoosha uzi kutoka juu mpaka chini kuhakikisha. Ilipogusa uzi, wakapigilia kipande kifupi kati ya nguzo hizo mbili. "Shika fimbo vizuri," alimwambia Okochi. "Ukiiachia itakuzunguka usoni."

Kazi haikuwa tamu. Siku ya pili skrubu ya jiliwa ilikwama kwa vumbi. Siku ya tatu Okochi aligundua amepigilia nguzo moja juu chini, akang'oa misumari yote akinung'unika. Kulikuwa na ubao mmoja alioutaka kwa nguvu, kwa sababu ulikuwa mrefu na mzuri. Aliukaza mpaka ukaanza kulia.

"Usiukaze tena," Akumu alisema.

"Bado kidogo tu."

"Jirani, ukisikia sauti hiyo, ubao unakuaga. Utapasuka leo, au utapasuka mama akiwa amelala chini yake. Chagua."

Okochi alifungua skrubu. Aliuchukua msumeno bila kubishana, akaukata ule ubao mzuri vipande vifupi. Kilikuwa kitendo cha uchungu, lakini alikifanya.

Walipofika kwenye paa, Akumu aliwafundisha jambo la mwisho. Mbao za paa zilizopinda kidogo huwekwa mgongo juu. "Uzito wa mabati utausukuma mgongo chini. Ukiweka mgongo chini, paa litabonyea na maji yatakaa."

Ijumaa alasiri, Okochi alikuwa bado juu akipigilia bati la mwisho wakati gari lilipoingia uani. Alishuka upande wa pili haraka, akaenda kusimama zizini, kama heshima inavyotaka. Kutoka huko alisikia Kevina na Chrispinus wakimshusha mama. Alisikia magongo yakigonga sakafu. Kisha akasikia mlango ukifungwa. Haukukwaruza. Haukugoma. Ulifungwa kwa mlio mmoja mdogo, kama mtu aliyeridhika.

Mvua ilinyesha Jumapili, kubwa, yenye upepo. Okochi alitazama chumba kile kutoka dirishani kwake. Kuta hazikutikisika. Kevina alitoka huko na sahani tupu, nguo zake kavu.

"Mama anasema nini?" Okochi aliuliza.

"Anasema paa halivuji. Ameniuliza fundi ni nani."

"Ukamwambia?"

"Nilimwambia ni Akumu na wewe. Akasema Akumu anamjua kuwa ni fundi, ila hakujua kama wewe nawe ni fundi."

Mguu wa Mama Nabwire ulipona taratibu. Kwanza magongo mawili, baadaye moja, baadaye mkongojo wa kawaida. Siku moja Kevina alimkuta Okochi akikata majani ya ng'ombe, akasimama mbele yake huku akivuta ncha ya kitenge.

"Baba Juliet, mama amepona. Anaweza kurudi kwake."

"Ni habari njema. Nitatafuta gari."

"Usitafute. Anasema nyumba yake inavuja, na hii ni kavu. Anasema atakaa. Anataka tu jiko dogo, ubavuni mwa chumba."

Okochi aliangusha panga. Alitazama mbinguni, akatazama ng'ombe, akamtazama mkewe. Alitaka kufoka. Badala yake kicheko kilimtoka.

Kesho yake alikwenda penye mashine ya kupasua mbao. Aliinua ubao mmoja mmoja mpaka jichoni, akafumba jicho la pili. Alichagua, akarudisha, akachagua tena. Muuzaji alimvumilia mpaka uvumilivu ukamwisha.

"Bwana, unanunua mbao au unapiga bunduki?"

"Nanunua," Okochi alisema, akainua nyingine.

Nyumbani alizipanga kivulini, kwenye magogo yaliyo sawa, mbali na udongo. Kati ya kila tabaka aliweka vijiti ili upepo upite. Juu ya rundo akapanga mawe mazito. Kevina alitoka kumtazama.

"Mama anauliza jiko linaanza lini. Angependa kesho."

Okochi aliliweka jiwe la mwisho taratibu, akapangusa mikono.

"Mwambie mama mimi niko tayari hata leo," alisema. "Lakini mbao hazijakauka. Tungoje."