Kichwa Kilichosukwa Nusu

Kila Jumamosi, kabla ya kunywa chai, binti wa msusi alifagia saluni, akaosha vitana na kupanga viti viwili: cha mama yake na cha mama yake mdogo. Ndugu hao walizoea kusuka kichwa kimoja pamoja, mmoja kulia, mwingine kushoto, vidole vikienda kasi kama midomo yao.

Siku hiyo walikuwa wakimsuka bibi harusi. Katikati ya kazi, mama mdogo akatazama simu yake. "Dada, mtoto wangu anachemka homa. Naenda mara moja, narudi."

Mama akaendelea peke yake mpaka vidole vikaanza kufa ganzi.

"Mwanangu, mpelekee mgonjwa chungwa hili," akasema. "Kama ana nafuu, mwambie mama yako mdogo arudi."

"Arudi kweli," bibi harusi akasema, akijitazama kiooni. "Nikienda hivi, bwana harusi atadhani ameoa wake wawili."

Binti alimkuta mgonjwa uani, anacheza gololi.

"Huumwi?"

"Nani, mimi? Mama yuko kazini, saluni mpya ya pale njia panda."

Binti alikwenda akimwomba Mungu isiwe kweli. Dirishani alimwona mama mdogo, yule yule aliyemfundisha kushika kitana, akimsuka mteja wao wa siku zote. Macho yao yakakutana. Mama mdogo akainamisha uso, akaendelea kusuka.

Aliporudi alieleza yote. Mama akakivuta kile kiti kitupu.

"Kaa. Shika upande wa kushoto. Polepole."

Binti akasuka kama alivyofundishwa na mama mdogo, machozi yakimdondoka. Bibi harusi aliondoka kwa wakati, kichwa kizima.

Jioni mama mdogo alisimama mlangoni.

"Nimechoka, dada. Tunasuka tangu alfajiri, hata kuniuliza kama nimekula huniulizi. Kule mchana wanapumzika."

"Hapo nimekosa," mama akasema. "Kuanzia wiki ijayo mchana tutafunga, tule, tupumzike. Lakini ungeniambia. Umemsingizia mtoto homa."

Mama mdogo alitaka kumshika binti shavu. Binti akarudi nyuma, akaenda kuosha vitana.

Baadaye mama alisimama karibu naye. "Kuchoka si kosa, mwanangu. Hata mimi nimechoka. Aliyechoka aseme, apumzike. Ila usimwache mwenzako katikati ya kazi kwa uongo."

"Umemsamehe?"

Mama akachukua kitana, akakifuta taratibu.

"Namwomba Mungu anipe moyo huo. Leo bado."