Mlio wa Kuitia Ndege

Jua lilikuwa linazama nilipomwambia mdogo wangu Évode tushuke bondeni, kwenye kichaka kilicho chini ya nyumba yetu ya Gisozi. Nilitaka picha moja tu ya kindege mwenye kifua cha rangi ya chungwa, yule anayepekua majani makavu.

Mama alikuwa mlangoni. "Sangwa, msimwite ndege kwa sauti ya mwenzake. Kichaka kile kina mwenyewe, naye atajifunza kuita hivyo."

"Mama nawe! Hayo si uliyaacha kwenu Karagwe?" nikamcheka.

Kule kichakani Évode akachuchumaa mbele yangu, simu mkononi, akafungulia mlio tuliourekodi. Ndege akidhani kaja mwenzake, hutoka. Nililala kifudifudi na kamera. Évode alikuwa na mafua, kila mlio ukiisha anakohoa.

"Meza hicho kikohozi, sha," nikanong'ona.

Kindege akatoka. Nikabonyeza. Safi! Akaja wa pili, wa tatu... Kisha wote wakaruka kwa mkupuo. Ikaja harufu ya buchani.

"Zima."

"Nimeshazima."

Lakini mlio uliendelea... nyuma ya Évode.

Kitu kikamvuta miguu. "Sangwa, nishike! Mama!" Akakohoa. Nikamdaka mkono. Nikavuta, nacho kikavuta. Nikasikia bega likichomoka. Damu ikaniingia machoni. Nikalipiga lile giza kwa kamera, nikapiga, nikapiga, hadi lenzi ikapasuka. Ghafla uzito ukaisha, nikaanguka chali. Nilikuwa bado nimeushika mkono wa mdogo wangu.

Mkono tu.

Majirani walikifyeka kichaka chote, hawakupata hata kiatu. Wakasema ni mbwa. Mbwa gani, jamani? Tukauzika ule mkono.

Jana jioni, tukiwa mezani, sauti ikapanda kutoka bondeni.

"Sangwa, nishike!" Kikohozi.

Kimya kidogo.

"Sangwa, nishike!" Kikohozi kilekile, palepale.

Sikutoka. Ndivyo nilivyokuwa nikiwatoa ndege kichakani.

Leo jina langu limeachwa.

"Mama!" Kikohozi. "Mama!"

Iko karibu, imeshafika kwenye ua. Mama amevaa viatu. Nimeuegemea mlango, ufunguo nimeufumbata, naye ananiuma vidole niuachie. Damu yangu iko kidevuni mwake.

"Mama, si yeye!"

"Najua si yeye," anasema, analia. "Lakini sikia anavyokohoa."