Alichomoa Gurudumu la Mashine Yangu, Akalipeleka Newala

Nina miaka thelathini na minane, mama wa watoto wawili, na hapa Masasi nachonga milango kwa mashine inayoongozwa na kompyuta. Someni wenzangu, mjue wapo wanaume waliojaliwa ndevu wakanyimwa akili!

Mashine yangu ina gurudumu dogo la kuzungusha kwa mkono. Linalia tik, tik... na kila mlio unashusha kisu kiasi cha unene wa unywele. Nililizoea hata nikawa sitazami skrini.

Marehemu baba aliniachia ubao mmoja wa mninga. Mama yangu, mjane anayeishi kijijini Chiungutwa, aliniomba jambo moja tu: ubao ule niufanye mlango wake, kila akiufunga amkumbuke mzee.

Asubuhi ya kuuchonga ubao ule nikakuta gurudumu jipya kwenye mashine. Mume wangu, Baba Zuhura, akadai la zamani limekufa. Nikamuuliza, hili linahesabu sawa na lile? Akacheka!

“Mama Zuhura, gurudumu ni gurudumu. Usijifanye injinia.”

Nikamwamini. Si mume wangu?

Nikazungusha nusu mzunguko, kisu kikaribie ubao bila kuugusa. Kumbe kila mlio wa takataka ile ulishusha kisu mara nne ya lile la zamani! Kisu kikazama kwenye mninga, kikaurarua hadi ukapasuka katikati. Nililia... Yeye akawatangazia wateja kwamba mikono ya wanawake ni mizito. Mjinga yule!

Nikaenda Newala kutafuta mninga mwingine. Wakanielekeza karakana mpya. Nikaingia, na kwenye mashine nikaliona gurudumu langu, lenye ufa niliouziba kwa gundi mwenyewe!

Binti mwenye karakana akanisalimia kwa adabu, “Shikamoo dada. Karibu, mume wangu yupo nyuma, anakunywa chai.”

Akatoka Baba Zuhura, msuli kiunoni, kikombe mkononi!

“Mama Zuhura... nilikuwa natafuta siku nzuri ya kukwambia.”

Siku nzuri! Kuoa kwa siri aliweza, kufungua mdomo kukamshinda. Hata matusi niliona nayapoteza bure kwake. Nilichomoa gurudumu langu nikaondoka.

Mama nilipomweleza, hakumlaani mtu. Aliuliza tu kama vipande vimebaki.

Wanawake wenzangu, nawasihi! Kifaa cha kazi kikibadilishwa, kijaribuni kwanza kwenye mbao mbovu, hata kama aliyekileta mnalala naye kitanda kimoja. Mimi mume nitapata mwingine nikitaka. Baba yangu hatanipa ubao mwingine.