Mdomo Uliotangulia Miguu

Nyumbani kwa kina Redio, asubuhi haikuanza na jogoo wala kengele. Ilianza na kilio cha mdogo wake. Mtoto alikuwa anaota meno, na yeye hakukubali kuumia peke yake. Usiku kucha Mama alimbeba, akamzungusha chumbani, akamwimbia mpaka sauti ikamkauka. Kulipokucha, Mama alikuwa akizunguka na mtoto begani, anainama chini ya kitanda, anainuka, anainama tena.

"Unatafuta nini, binti yangu?" Bibi akamuuliza.

"Kiatu changu cha pili."

Bibi akamtazama miguuni. "Viatu viwili unavyo. Cha tatu unakitafutia mguu gani?"

Mama akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyechoka, akampa Bibi mtoto.

Aliyecheka sana ni binti mkubwa wa Mama, mwenye umri wa miaka kumi na miwili, ambaye nyumba nzima ilimwita Redio. Jina hilo alilipata kwa halali. Alianza kuzungumza kila alipofumbua macho, akanyamaza pale tu usingizi ulipomzidi nguvu. "Redio za wenzetu huisha betri," Bibi alizoea kusema. "Hii yetu sijui inatumia nini."

Mama alikuwa fundi wa kupima mtandao wa simu. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha kwamba mtu akipiga simu anasikika, na akisikika hakatiki. Majirani walimlaumu kama vile mtandao wote aliuficha kwenye mkoba wake. "Mama Redio, mbona leo mtandao wako unakwamakwama?" walimwuliza njiani, naye aliwajibu kwa upole hata siku alizokuwa hoi.

Jumamosi hiyo alikuwa na kazi kubwa hospitalini. Wauguzi walikuwa wamepewa simu mpya za mkononi. Ndani ya jengo, simu hizo zilitumia waifai ya hospitali. Nje ya jengo, zilitumia mtandao wa kawaida wa simu. Muuguzi akitoka nje huku anazungumza na daktari, mazungumzo yalipaswa kuhama kutoka mtandao mmoja kwenda mwingine bila kukatika. Kupima jambo hilo kulihitaji watu wawili, mmoja wa kutembea na mmoja wa kusikiliza. Na mwenzake Mama alikuwa amepiga simu alfajiri kusema ameamka na homa.

"Nipeleke mimi," Redio akasema. "Kutembea najua, kuzungumza ndiyo usiseme!"

Mama alifikiri kidogo, akampigia simu msimamizi wa hospitali. Msimamizi akakubali, mradi mtoto abaki kwenye korido na asiingie wodini.

Walipofika waliingilia lango la nyuma, ambako gari la wagonjwa lilikuwa limeegeshwa na dereva wake anafuta vioo. Mama akafungua kompyuta yake kwenye chumba kidogo karibu na mapokezi, akavaa hedifoni, kisha akampa Redio simu.

"Sikiliza, mwanangu. Utatembea polepole, na utasema kila unachokiona. Usinyamaze. Ukisema 'naona ndoo ya bluu' nami nikasikia 'naona ndoo', nitajua kwamba pale penye ndoo ndipo sauti inapokatika. Mdomo wako utakuwa macho yangu. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Mama. Kumbe kuna kazi ya kulipwa kwa kusema!"

Mwanzoni kazi ilikuwa tamu. Redio alipita korido moja baada ya nyingine akitangaza. "Naona kiti cha magurudumu. Naona baba mmoja anapiga miayo, sasa na mimi napiga miayo. Naona mlango umeandikwa 'Sukuma' na watu wanauvuta." Mfagizi mmoja alisimama, akaegemea fagio lake.

"Mtangazaji! Mbona hutupi matokeo ya mpira?"

"Subiri kidogo, mjomba, bado tuko kwenye taarifa ya habari!"

Lakini korido za hospitali ni ndefu, na kila moja ilipaswa kupitwa kwenda na kurudi, kisha tena baada ya Mama kurekebisha. Kufikia alasiri, ulimi wa Redio ulikuwa umekauka na nyayo zilimwaka moto. Ikabaki njia moja tu, ile iliyoanzia nje ya wodi ya watoto wachanga, ikapita chumba cha kufulia mashuka, ikatokea mlango wa nyuma mpaka pale linapoegeshwa gari la wagonjwa.

"Hii ndiyo muhimu kuliko zote," Mama akamwambia kwenye simu, na sauti yake nayo ilikuwa nzito. "Mtoto mchanga akizidiwa, wauguzi humtoa kwa njia hii huku daktari wa hospitali kubwa anawaelekeza. Jikaze, mwanangu. Tukimaliza hapa tunaenda nyumbani."

Redio akaanza kutembea. Alipofika nje ya chumba cha kufulia, aliona benchi. Hewa yenye joto na harufu ya sabuni ilitoka mlangoni ikamfunika kama shuka. Akasema moyoni, nitakaa kidogo tu. Akakaa. Miguu ikashukuru, ikakataa kuinuka.

"Redio, mbona kimya? Uko wapi sasa?"

Hapo ndipo mdomo ulipotangulia miguu. "Nimefika mlango wa nyuma, Mama," alisema bila kuinuka. "Nausukuma. Naona ngazi. Nashuka. Naona gari la wagonjwa, dereva anafuta vioo. Sasa nimesimama kando yake."

"Ajabu! Hata mlangoni sauti haikutetereka!" Mama akasema kwa furaha. "Asante, mwanangu. Rudi."

Redio akarudi akiburuta miguu. Mama alikuwa ameshamwambia msimamizi kwamba njia zote ziko salama na simu zinaweza kuanza kutumika. Wakawa wanakunja nyaya ili waondoke.

Waya wa mwisho haujaingia kwenye begi, korido ikajaa pilikapilika. Muuguzi mkuu wa wodi ya watoto wachanga alipita akisukuma kitanda kidogo pamoja na mwenzake. Simu mpya ilikuwa sikioni mwake. "Ndiyo, daktari. Anapumua kwa shida. Ndiyo, tunamtoa sasa hivi." Mama mzazi wa mtoto aliwafuata nyuma, kanga imemdondoka begani na wala hajui. Redio alibana ukutani kuwapisha. Walipoufikia mlango wa nyuma, akasikia sauti ya muuguzi ikipanda.

"Haloo? Daktari? Haloo! Ulisema hewa niiweke kiasi gani? Haloo!"

Muuguzi akarudi ndani mbio, akasikia maneno mawili matatu, akatoka nje mbio, simu ikanyamaza tena. Mwishowe alisimama ndani ya korido na simu, mwenzake akasimama mlangoni na mtoto, na maagizo ya daktari yakawa yanapokewa kwa kupaza sauti kama watu wanaoitana ng'ambo ya mto. Mtoto akawekewa hewa sawasawa, gari likaondoka naye akiwa anapumua vizuri zaidi. Muuguzi akaja moja kwa moja mpaka kwa Mama.

"Mama fundi," alisema, na hakupandisha sauti, hakuwa na nguvu za kuipandisha. "Tuliambiwa pale mlangoni pako salama."

Mama alikuwa amesimama kama aliyemwagiwa maji. "Sista, nilisikia kila neno. Kila neno..." Akajishika kipaji cha uso. "Au labda nilisinzia. Usiku sikulala, mtoto wangu mdogo anaota meno. Labda nilidhani nimesikia. Nisamehe. Kosa ni langu."

Msimamizi, aliyekuwa amekuja aliposikia makelele, akakohoa. "Pole, mama. Lakini kama uchovu umefika hapo, itabidi niombe kampuni yenu ituletee fundi mwingine. Hapa hatuchezi na roho za watu."

Mama hakubisha. Aliinamisha kichwa, akaendelea kukunja waya uliokwisha kukunjwa.

Redio alikuwa bado amebana ukutani. Maneno yote aliyoyamwaga siku nzima yalikuwa mepesi, ila haya machache aliyotakiwa kuyasema sasa yalikuwa mazito kama jiwe. Angeweza kunyamaza. Mama mwenyewe alikuwa ameshaubeba mzigo. Lakini alimtazama Mama akikunja waya ule mmoja tena na tena, akashindwa kuvumilia.

"Mama hakusinzia," alisema. "Mimi sikufika mlangoni."

Watu wazima wote watatu wakamgeukia.

"Nilikaa kwenye benchi la pale wanapofulia. Miguu ilikuwa inaniuma. Nikasema naona mlango, naona ngazi, naona gari. Sikuona kitu. Niliyasema ya asubuhi, tulipokuwa tunaingia." Machozi yakamtoka. "Mama alisikia kila neno kwa sababu nilikuwa bado ndani, kwenye waifai."

Redio alingoja kugombezwa, hata kofi. Mama akaweka waya chini, akafungua tena kompyuta.

"Chukua simu," akasema. "Njia ni ileile. Safari hii kwa miguu yako."

Redio akaenda. Akalipita benchi bila kulitazama. "Naona ndoo ya mashuka. Naona mlango wa nyuma. Nausukuma. Naona nga—"

Simu ikawa kimya.

Alipoingia ndani tena, Mama alikuwa ameshainamia kompyuta, na msimamizi na muuguzi wamesimama nyuma yake. "Nimeona tatizo," Mama akasema. "Mazungumzo ya simu ni kama mtoto aliyelala: kumkabidhi mtu ni kazi ya watu wawili. Huachii mpaka mwenzako amshike vizuri, na humng'ang'anii mpaka mikono yako iishiwe nguvu. Waifai ya hapa inang'ang'ania. Pale mlangoni imeshachoka, haisikiki, lakini haitaki kuachia. Mpaka mtandao wa nje unapomdaka mtoto, ameshaanguka."

"Sasa inatibika?" muuguzi akauliza.

"Inatibika. Nitaiagiza simu ikabidhiwe mapema, ikiwa bado korido. Na simu za wauguzi nitazipa njia ya mbele. Wanaotazama video pale mapokezi watangoja kidogo, kama mwenye kikohozi anavyompisha aliyevunjika mguu."

Mama akabonyeza, akasubiri, akabonyeza tena. Redio akatembea. Sauti ikakwaruza kidogo mlangoni. Mama akarekebisha, Redio akarudia. Miguu ilimuuma kuliko mwanzo, lakini kila alichokisema alikuwa anakiona: mlango, ngazi, ua mtupu, ndege mmoja anaoga vumbini. Hakuna neno lililokatika. Kisha muuguzi akaichukua simu, akatoka nayo mwenyewe mpaka langoni huku anaongea na wodi yake. Aliporudi aliitikia kwa kichwa, ameridhika.

"Fundi mwingine wa nini?" akamwambia msimamizi.

"Nimefuta maneno yangu," msimamizi akajibu. "Mama, nenda ukalale."

Mama na Redio wakatoka kwa mlango wa nyuma. Jua lilikuwa limelegea. Redio alikuwa anatembea kimya, jambo ambalo Bibi asingeliamini.

"Mama, umenikasirikia?"

"Nimekasirika, ndiyo. Mtoto wa watu alikuwa anapigania pumzi, na mimi nilikuwa nimewaambia njia ni salama kwa neno lako." Mama akapumua kwa nguvu. "Lakini sikiliza nikuambie. Hukukosea kuchoka. Nami nimechoka. Ungesema 'Mama, miguu imekataa,' ningekuja kukupokea, tukabadilishana. Kuchoka si aibu, mwanangu. Aibu ni kuachia mzigo huku unajifanya bado umeubeba, kwa sababu anayekutegemea hatanyoosha mikono. Na uongo unaosikika vizuri ndio mbaya zaidi. Sauti yako ingekwaruza, ningeshtuka."

"Nisamehe, Mama."

"Nimekusamehe uliposema mbele ya watu, ilhali ungeweza kuniacha nilaumiwe. Wengi wakubwa kuliko wewe wananyamaza hapo."

Wakafika kwenye ngazi za kushukia barabarani, kando ya lango. Redio akasimama. Alitazama barabara ndefu ya kwenda nyumbani, akamtazama Mama na macho yake mekundu.

"Mama, miguu imekataa," akasema.

Mama akaweka begi chini. "Na yangu pia," akasema, akakaa kwenye ngazi, akamwachia nafasi kando yake. "Njoo. Tutaondoka ikikubali."